Karatasi ya Saba

Ofisini wanamwita Bwana Rula, na jina limemkaa. Ni mchora ramani. Miaka ishirini na miwili yuko meza ileile, chini ya dirisha lilelile lisilofunguka, akichora stesheni ya treni ya mjini ambayo hakuna kiumbe aliyewahi kuikanyaga. Mabosi wanne wamekuja wakaenda. Wa kwanza alitaka paa la bati, wa pili akataka la kioo, wa tatu akaongeza ngazi za umeme, wa nne akaziondoa zote. Rula huchora, akafuta, akachora tena. Kitu kimoja tu hakuna bosi aliyekigusa: mahali penyewe. Kwenye ramani, stesheni ilikuwa imekalia nyumba ya dada yake.

Sasa ni nani aliyeiweka hapo? Ni yeye mwenyewe, jamani, kwa mkono wake na kwa penseli yake.

Usimcheke kwanza, sikiliza. Alikuwa kijana wa wiki ya tatu kazini. Njia yote ya treni ilikuwa imegawanywa katika karatasi kumi na mbili, kila mchoraji na zake, na yeye alipewa ya saba. Stesheni ilitakiwa ikae kwenye uwanja mtupu wa soko la zamani, na uwanja ule ulikuwa karatasi ya nane. Mwenye karatasi ya nane kaenda likizo, karatasi kaifungia kabatini, ufunguo kaondoka nao! Bosi anataka mchoro saa tisa alasiri, kakunja uso. Rula akaisogeza stesheni hatua chache, ikaingia kwenye ukingo wa karatasi yake. Aliona kabisa kwamba imeangukia kwa dada. Alicheka hata. Jumatatu angeirudisha.

Jumatatu akakuta mchoro umeshagongwa mhuri. Na ofisi ile ina desturi yake: kilichogongwa mhuri hakichorwi upya, kinanakiliwa tu. Mgeni wa wiki tatu ataanzia wapi kumwambia bosi kwamba alibahatisha? Aliona haya. Mwezi wa pili haya ikazidi, na kufikia mwaka wa tano hakuwa tena na mdomo wa kusemea. Wataalamu wakaja, wakaikuta stesheni pale, wakaandika kurasa mia mbili kueleza kwa nini hapo ndipo panapofaa kuliko pote. Rula alizisoma zote. Zilikuwa na hoja nzuri, karibu naye aziamini.

Dada yake ni fundi cherehani. Ndiye aliyemlea Rula mama yao alipofariki, na nyumba ile ya vyumba viwili ndiyo yote aliyo nayo duniani. Ukuta wa nyuma una ufa unaoingia mkono. Kujenga ukuta mpya hathubutu, maana atajengaje mahali panapobomolewa? Kuhama nako hahami, maana labda hapatabomolewa. Basi kila Rula akienda kumtembelea, swali ni lilelile.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uko huko ndani. Nijenge, nisijenge?"

"Subiri kidogo, dada."

"Kidogo gani hicho chenye mvi? Ona kichwa chako!" Dada anacheka, anammiminia chai. "Lakini mimi afadhali. Wenzangu mtaani hawana hata wa kuwasemea huko. Mimi nina wewe."

Laiti dada angemtukana! Rula alikuwa akiaga mapema, anasingizia kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ni kwenda kuichora stesheni ileile. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakuwa na wa kumwambia pole.

Mwaka huu mambo yakaiva. Wananchi wakaitwa mkutano wa mwisho kabla ya kubomoa, kwenye ukumbi wa shule, na Rula akapewa kazi ya kubadilisha picha zinazorushwa ukutani kwa mashine wakati mhandisi, binti mmoja mwenye adabu zake, akieleza. Picha ya tatu, dada akasimama.

"Mimi swali langu moja tu. Mji mzima huu, kwa nini kwangu? Nikielewa, nitahama bila kelele."

Mhandisi akaanza habari za idadi ya abiria na mteremko wa ardhi.

"Mwanangu, hayo siyajui. Yule pale kwenye mashine ni mdogo wangu. Hajawahi kunidanganya. Aseme yeye."

Ukumbi wote ukageuka. Rula angeweza kusema wataalamu walipima. Alikuwa na kurasa mia mbili za kujifichia. Akafungua mdomo, yakatoka mengine.

"Karatasi iliishia pale."

Watu wakaangua kicheko. Akaendelea: karatasi ya nane, kabati, ufunguo, Jumatatu. Kicheko kikakatika. Mhandisi akamwinamia.

"Na huo uwanja wa soko ni upi, mzee?"

"Ni hapa tulipo. Palibaki wazi, ndiyo wakajenga shule."

"Sasa tubomoe shule?"

Wazazi walikuwa wamejaa ukumbini.

Dada alikuwa bado amesimama. Hakuwa na habari na shule.

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua, dada."

"Na kila nilipokuuliza nijenge, nisijenge?"

"Nilijua."

Alimtazama kama anayetafuta mahali pa kushona kwenye kitambaa kilichochanika vibaya. "Na mimi nikiwaambia majirani wasiogope," alisema, "kwamba nina mtu wangu ndani." Akakaa, mikono mapajani.

Mhandisi akakohoa. "Picha inayofuata, mzee."

Rula akabonyeza.