Difu ya Mzee Gerishon

Jeconia Omolo, fundi wa magari, alijilaza nyuma ya pikapu ikizungushwa uani, bisibisi sikioni, akisikiliza difu, zile gia za ekseli ya nyuma, ambayo mwenye nyumba wake wa Gatina, mzee Gerishon, aliifungua na kuifunga mwenyewe.

"Mzee, umekaza beringi kupita kiasi. Itashika njiani."

Wapangaji wenzake waliokuwa uani walicheka. Gerishon hakucheka.

"Kama unajua hivyo, funga virago. Nitakuhamisha na gari hii hii."

Akampakia kweli, kitanda, mke na sufuria. Walipofika Riruta difu ikashika, magurudumu yakagoma kuzunguka.

"Itengeneze," alisema Gerishon, "nikurudishe chumbani kwako."

Jamani, Omolo alishusha vyombo vyote matopeni kupunguza uzito, akaingia chini, akailegeza beringi. Gerishon akaendesha kidogo, akasikia difu hainguruma tena, akaridhika. Hakusimama tena mpaka Gatina, Omolo na vyombo vyake wakiwa bado matopeni.