Mlango wa Chuma Uliogeuzwa Mninga

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganywa na tina hunirudisha nyumbani kabla sijajitayarisha. Juzi nilikuwa nikipita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Bariadi, kijana mmoja akafungua kopo la rangi kibarazani, nami nikasimama na kikapu changu cha nyanya nikicheka peke yangu. Nilimwona mama amepiga magoti mbele ya mlango wetu wa chuma, kanga kiunoni, akiugeuza kuwa mti.

Mlango ule ulikuwa fahari ya baba. Mwaka ule pamba ilitukubali, akamaliza nyumba ya matofali ya kuchoma, na fundi wa kuchomelea akamtengenezea mlango wa kijivu wenye komeo nene kama mkono wa mtu mzima. Baba aliufunga na kuufungua bila sababu, asikie tu unavyolia. "Hapa," alisema, "mwizi ataondoka na aibu yake."

Shida ilikuja na bibi. Bibi, mama yake baba, aliishi Nkololo, na tangu babu afariki baba alitaka aje kukaa nasi. Akaja. Alipofika mbele ya mlango akasimama, akautazama, kisha akageuka akaenda moja kwa moja kwenye jiko letu la nje, akaketi kwenye kigoda. Akalala humo, pamoja na kuku.

Asubuhi baba alimfuata kumbembeleza.

"Mama, watu watanionaje? Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

"Nimesikia, baba," bibi akajibu akichochea moto. "Lakini mlango ndio unaonitangulia machoni. Niache hapa, kuna joto."

Mtaani hawakuchelewa kutupa maelezo. Wakasema bibi hamtaki mkwewe, kwa kuwa mama alikuwa mtu wa Nyashimo, mji wa barabarani, asiyejua hata kukamua ng'ombe. Mimi nilikuwa na umri wa kuanza kuelewa maneno ya watu wazima bila kuelewa maana yake, kwa hiyo nikamnunia bibi. Mama hakununa. Alichukua ungo akaenda kuketi naye jikoni, wakachagua choroko mchana kutwa, wakizungumza Kisukuma kwa sauti ya chini. Nikikaribia, natumwa maji.

Baada ya siku chache bibi akaaga kwamba anakwenda kuangalia dengu zake. Gari lake halijafika mbali, mama akatangaza:

"Baba Kabula, mlango huu naupaka rangi ya mti."

"Chuma hiki?"

"Mama hajazoea vyuma. Akiona mbao, ataingia."

Baba aliguna, lakini alimtaka mama yake ndani kuliko alivyoutaka ukijivu.

Mama hakuwahi kufundishwa kazi hiyo. Aliusugua mlango kwa msasa hadi meno yakatuuma sote, akaupaka rangi ya hudhurungi iliyopauka, akauacha ukauke. Kisha akaleta stuli yetu ya mninga, akaiweka mbele yake kama mwanafunzi anayenakili, akapaka juu ya mlango rangi nyeusi-nyeusi iliyozimuliwa kwa tina, na kabla haijakauka akaiburuza kwa brashi kavu ili itoke mistari. Mara ya kwanza tulipata punda milia. Wapita njia walisimama. Mzee mmoja akauliza kama tunafungua hifadhi. Mama akafuta yote kwa kitambaa, akaanza upya, safari hii mkono ukienda taratibu na kuyumba kidogo, kama mti unavyokua. Penye vifundo akazungusha kichwa cha gunzi la hindi. Mwisho akapaka vanishi. Jioni jua lilipoupiga, wallahi ungedhani ukiukata utapata utomvu.

Bibi aliporudi, nilisogea karibu na mlango nione. Alisimama palepale aliposimama mwanzo. Akaweka kiganja juu ya mlango, nami nikafumba macho, kwa sababu chuma hakifichi ubaridi wake.

"Mti mzuri," akasema. "Wabeja, mayu." Asante, mama, akimwambia mkwewe. Akaingia, akaomba maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo nilijipa kazi ya kuilinda siri. Mgeni akitaka kugonga, nilimkimbilia: piga hodi kwa mdomo! Bawaba nilizitia mafuta ya kupikia mpaka mama akashangaa chupa inakwisha vipi. Kila jioni nilisindikiza mlango kwa mikono miwili usije ukalia, nikiomba Mungu bibi asijue kwamba tumemdanganya. Alikaa nasi miaka mingi, na alifia chumbani kwake, kitandani kwake.

Baada ya maziko, tukiosha masufuria uani, nilimwambia mama kwamba angalau bibi amekwenda hajajua kuwa ule mlango ni wa chuma. Mama aliketi chini kwa kicheko, kisha machozi yakamtoka.

"Alijua, Kabula. Tulipanga wote wawili, kule jikoni."

Akanieleza. Babu alipofariki hospitalini, bibi alisimama tangu asubuhi mbele ya mlango wa mochwari, wa chuma, wa kijivu, akisubiri kupewa mwili wa mumewe. Kila ulipolia akadhani ni zamu yake. Alipouona wetu, miguu ilikataa. Lakini hakutaka mwanawe ajue, kwa jinsi alivyoupenda mlango wake. "Upake tu," alimwambia mama, "nami nitausifu."

Kwa hiyo aliyedanganywa alikuwa baba, ambaye wakati huohuo alikuwa upande wa pili wa ua akiwasimulia waombolezaji jinsi mama yake alivyopenda vitu vya mbao. Tulimwacha asimulie. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na ndiyo kwanza naelewa kwamba wanawake wawili niliodhani hawapatani walikuwa wameshikana tangu mwanzo, ili mtu wanayempenda asiumie.

"Na mimi?" nikauliza. "Mbona hamkuniambia? Nimenyata miaka yote ile."

"Nilitaka kukuambia. Bibi yako akanikataza," mama akasema, akifuta uso kwa kanga. "Alisema, mwache. Tangu nizaliwe sijaona mtu ananifungia mlango polepole namna ile."