Kaye ya paja langu

Gunia la kwanza hubebwa na mimi. Kamio, lori la mizigo, ikifika kutoka mpakani na unga, wabebaji wa depo yangu pale mtaa wa Kenya husimama mikono nyuma, hakuna anayegusa kitu mpaka patroni mwenyewe, mwenye depo, ashushe gunia moja begani na kulifikisha ndani. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Nilianza maisha nikiwa mbebaji, masomo niliacha darasa la nne, na leo nina depo mbili na nyumba mtaa wa Bel-Air. Wenye diploma huja kwangu kuomba kazi.

Basi mtu kama huyo akaangushwa na kitu kisichoonekana kwa macho. Paja la kulia lilianza kuuma kama nimepigwa teke, kisha likawa gumu kama ubao. Hospitali walinipasua, wakatoa usaha kutoka ndani kabisa ya nyama. Daktari akanieleza kwamba bakteria aliyeuleta kwa kawaida huishia juu ya ngozi, na kwamba kushuka hadi kwenye msuli mkubwa hivyo ni nadra. Mimi nikamwambia bibi yangu, mama wa watoto wangu, kwamba hata ugonjwa unajua kuchagua: bakteria wa nadra kwa mtu wa nadra. Mtaa mzima ulisikia habari hiyo, maana niliisema mwenyewe.

Nilipotoka, paja lilikuwa limekonda kama mkono. Pale hospitali kulikuwa na watafiti wanaofuatilia jinsi misuli inavyorudi baada ya ugonjwa wa namna hiyo, wakaniomba niingie katika utafiti wao. Kila juma nilionana na mama kine, yule anayefundisha viungo kufanya kazi upya, msichana wa umri wa binti yangu wa kwanza. Alinipima paja kwa mita ya fundi cherehani, akanikalisha kwenye kiti, mikono kifuani, nisimame na kukaa mpaka aseme basi. Nyumbani nilipewa kaye, daftari la kuandika kila siku: nimesimama mara ngapi, maumivu, joto la mwili.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliiona ile kaye kama mtihani. Nilidhani mwishoni watamtangaza mgonjwa wa kwanza na wa mwisho, na mimi sijazaliwa kuwa wa mwisho. Tena sokoni, anayetangaza kwamba unga wake umeingiwa na wadudu atarudi nao nyumbani. Kwa hiyo kila siku niliandika: mara ishirini, maumivu hakuna, joto hakuna. Hata siku niliyosimama mara sita nikashika ukuta, ishirini. Wakati huo kamio tatu zilikuwa zimeshafika bila mimi. Shemeji yangu alikuwa akiligonga gunia la kwanza kwa kiganja kwa niaba yangu, na wabebaji wakaanza kuuliza kama desturi sasa ni kubeba au kupiga kofi.

Juma la sita mama kine alinipima, akapima tena. Paja lilikuwa limeongezeka vidole viwili. Nikajigamba kwamba nilimwambia, sisi tuliokula bukari, ugali wa jasho letu, hatuchelewi kupona. Hakucheka. Alibonyeza kwa kidole, nami nikauma meno.

"Papa, nyama hairudiake mbio hivi," akasema. "Huku njo kuvimba. Juma hii ulisikia joto?"

Nikamwonyesha kaye. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni na mkoba wake, akaitazama dari.

"Juzi alivaa koti muchana, jua inawaka," akasema. "Na bukari aliacha nusu. Huyu? Kuacha bukari?"

Kidogo nizame ardhini kwa aibu. Mama kine akaifunga kaye polepole.

"Papa, mi sipime bushujaa, napima muguu. Sisi tunatafuta siku zako za mubaya. Njo zile zinatufundishaka. Na njo zile zitaokoa ile muguu."

Siku hiyo hiyo walinipitisha kwenye mashine, wakakuta kifuko kidogo cha usaha kimejificha. Walikivuta kwa sindano, nikaongezewa dawa. Daktari alisema ningekawia kidogo zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Sikumuuliza habari gani.

Tangu hapo niliandika ukweli, na mimi nikibadilika, hubadilika kwa nguvu zote. Mara sita. Mara saba, nimeshika meza. Leo nimemkasirikia shemeji bila sababu. Mama kine alisema hiyo ya shemeji si lazima, lakini hakuna mgonjwa mwenye kaye iliyojaa kama yangu.

Mwezi uliopita aliniruhusu nusu gunia, kilo ishirini na tano. Kamio ikafika, wabebaji wakasimama mikono nyuma. Nilipoweka kile kigunia begani mmoja wao akauliza kwa sauti kama patroni anapeleka mtoto ubatizo. Nikacheka, nikapumzika njiani, nikafika ndani. Halafu wakapiga makofi, na kazi ikaanza.

Jioni nikafungua kaye: nusu gunia, paja limetetemeka, nimepumzika mara mbili. Bibi yangu, aliyekuwa depo akinitazama nikibeba, alikuwa nyuma yangu akimenya viazi.

"Tatu," akasema.

Nikaifuta mbili, nikaandika tatu, kubwa, ili mama kine asihangaike kuisoma.