Nilinunua Minazi, Nikachimba Msingi

Jamani, nilijiumbua mwenyewe! Mimi mtu wa Ngazija, kupata kibali cha kukaa Msambweni nilitakiwa niwe na nyumba na mwenyeji wa kunidhamini. Nikanunua shamba la minazi kwa Bi Mwanasha, nikaalika watu kwenye dua ya msingi, mudiri, mkuu wa mji mwenye kutoa vibali, akiwemo. Jembe mkononi, nikajigamba, "Leo nachimba ardhi yangu!"

Bi Mwanasha akashtuka. "Ardhi yako? Mwanangu, nilikuuzia minazi. Mchanga sikukuuzia."

Kumbe huku mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe! Watu wakaangua kicheko. Nikajua kibali kimeota mbawa.

"Sasa tumfukuze?" mudiri akamuuliza Bi Mwanasha.

"La, ajenge, nitamdhamini mimi," akajibu, na roho yangu ikarudi mahali pake. "Ila nazi ikimwangukia kichwani, asije kunililia. Hiyo ni yake."