Bwana Hamna

Neno "karibu" halikuwahi kumtoka. Ulipoingia dukani kwake kutafuta vifaa vya michezo, alikuwa kaunta akipitisha kamba kwenye viatu, na kabla hujamaliza salamu alishakujibu: "Hamna." Ungemwonyesha jezi inayoning'inia juu ya kichwa chake, naye angeitazama kwa uchungu kama umemwomba mtoto wake. "Hiyo haikutoshi." Na ole wako udunde mpira humo ndani! Hata akiwa stoo, mlango ungefunguka ghafla: "Weka chini! Hapa uwanjani?" Sauti yenyewe ya mikwaruzo, kama refa aliyemeza filimbi. Sisi wa timu ya mpira wa pete tulimwita Bwana Hamna, tukamsengenya njia nzima, na kesho yake tukarudi kwake. Siku moja tulimpelekea mpira uliochomwa na mwiba. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka sikioni, akasikiliza pumzi zikiutoka. "Mmemfanya nini huyu?" Akatugeuzia mgongo, akaziba, akajaza upepo, akaufuta kwa pindo la shati lake mpaka ukang'aa. Nahodha wetu alipoushika, yeye hakuuachia. Ilibidi nahodha auvute.

Tangu tumzike, duka analo binti yake, mchangamfu, maneno yake asali. Juzi nilichukua mpira nikaudunda sakafuni. "Jaribu tu, dada, jisikie uko nyumbani," akaniambia. Nikaudunda tena, kwa nguvu zaidi, macho yangu kwenye mlango wa stoo. Haukufunguka.