Viti vya mbele vya gari la Ustaz

Admin, ukiiweka hii toa jina langu, maana wateja wangu wengine wanasoma huu ukurasa. Mimi ni Mkenya wa miaka arobaini na tatu, fundi wa viti vya magari hapa Juba. Nilikuja baada ya Sudan Kusini kupata uhuru, kazi ilipokuwa nyingi, nikafungua kibanda mtaa wa Atlabara. Mke na watoto wako Nakuru. Jambo hili sijamwambia hata mke wangu.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, nimwite Ustaz, kama walimu wanavyoitwa hapa, hata Wakristo. Alikuwa na gari dogo la zamani, alilonunua alipokuwa kijana na kulificha kwa shemeji yake miaka yote ya vita vya kabla ya uhuru. Nchi ilipopata uhuru akaanza kulifufua kidogo kidogo. Injini ikapona, rangi ikapigwa, vikabaki viti vya mbele. Jumatatu moja ya Desemba tulifungua boliti pamoja, tukavitoa vyote viwili. Cha dereva kilikuwa kimekwisha: springi zimekatika, fremu ina ufa. Cha pembeni, anapoketi mkewe, kilikuwa kimepasuka ngozi tu. Nikamwambia Ijumaa vitakuwa tayari.

Siku iliyofuata ikaja kazi ya viti vya basi zima. Nikavisukuma vya Ustaz chini ya meza. Ijumaa alipokuja nilimwambia springi zinatoka Kampala, zimekwama mpakani. Ilikuwa uongo. Springi nilikuwa nazo kwenye katoni, hatua mbili kutoka aliposimama.

Jumamosi akarudi. "Ya fundi," akaniita kwa Kiarabu cha Juba, "basi nipe hata kile cha mama, nikirudishe."

Kiti hicho sikuwa nimekigusa. Kukifunga ni boliti nne. Lakini ningekitoa angeona hakuna kilichofanyika, kwa hiyo nikasema nimeshakifumua.

"Maalesh, si neno," akasema. "Bukra, kesho, ni kanisa. Nitakuja Jumatatu."

Jumapili hiyo usiku risasi zikaanza. Siku ya tatu nilipata lori la Waganda, nikatoroka hadi mpakani Nimule, nikavukia Uganda. Sikumkumbuka Ustaz hata mara moja.

Niliporudi, baada ya miezi minne, mlango ulikuwa umevunjwa, cherehani imeenda. Viti vilikuwa pale pale. Nani aibe viti vilivyochakaa? Wiki hiyo hiyo Ustaz akatokea, amekonda, akanikumbatia.

Alinisimulia. Vita vilipofika mtaani kwao, Gudele, alipakia wajukuu watano nyuma ya gari. Yeye akaketi juu ya kreti ya soda, mkewe kando yake juu ya gunia la mtama. Njiani ng'ombe wakakatiza barabara. Alikanyaga breki, gunia likateleza, mama akazungushwa na kujigonga mgongo kwenye dashibodi. Wajukuu walipona. Mama hajatembea tena.

Ustaz akanishika bega. "Vita si vyako, fundi. Umenitunzia viti vyangu."

Nilivitengeneza kwa siku sita. Nikachomelea ufa, nikafunga springi zile zile za kwenye katoni, nikaweka sponji mpya, nikashona ngozi kwa mkono mahali ambapo cherehani ya kuazima ilishindwa. Sijawahi kushona vizuri hivyo. Nilipovifunga garini, binti yao akambeba mama na kumweka. Mama akapapasa pembeni mwa kiti, akasema, "Kwes, vizuri. Hapa nimeshikika." Kisha akaniuliza springi zilifika lini. Nikajibu zilifika nikiwa nimekimbia.

Kumbe hata hapo sikuwa nimefika mwisho. Ustaz hawezi tena kuendesha. Alijaribu, mguu ukatetemeka juu ya breki mpaka akazima gari. Siku moja aliniambia, mkewe akiwa hayupo, "Mimi ndiye niliyemvunja mama. Mguu huu." Binti yao anasema baba yake hali chakula vizuri, na ameacha kulala chumba kimoja na mkewe kwa sababu ya aibu.

Kwa hiyo wakaniomba mimi. Kila Jumapili naenda Gudele, nambeba mama hadi kwenye kiti chake, naendesha mimi, Ustaz ameketi nyuma kama mgeni katika gari lake. Kanisani anawaambia watu huyu ndiye fundi mwaminifu. Mama ananiombea watoto wangu kwa majina.

Nikisema ukweli, huenda mzee akapumzika, ajue kosa halikuwa la mguu wake. Au nitakuwa nimewanyang'anya mtu pekee anayewaendesha, na mama ajue kwamba boliti nne tu zingemwokoa. Nikinyamaza, namwangalia mzee akiisha kwa kosa langu. Mara tatu nimeanza kusema, na mara tatu nimeishia kuuliza habari za wajukuu.

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane tu, nimeshajitukana ya kutosha. Mngekuwa mimi, mngemwambia Ustaz? Na mngeanzia wapi?