Mkeka wa Bi Mwajuma wa Kibuta

Nilikwenda Kibuta kwa sababu ya swali moja katika barua. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mganga msaidizi katika zahanati moja karibu na Mlandizi, na nilikuwa nimekwisha kubaliwa kwenda kusoma chuoni Uganda. Nyuma ya zahanati tulikuwa na banda la wagonjwa ambao miili yao ilikuwa imepona lakini roho hazijatulia. Humo niliwapa kazi za mikono: kusuka ukili, kufinyanga, kuchora kwa mkaa juu ya mbao. Kila nilichokiona nilikiandika daftarini, na kurasa zake za mwanzo nikazinakili na kuzipeleka chuoni ziwe msingi wa utafiti wangu. Mwalimu ambaye angenisimamia akanijibu kwa upole: “Huyu mama wa ukurasa wa kwanza, aliyeponywa na mkeka, hali yake ikoje sasa?”

Tangu arudi kwao sikuwa nimemwona tena. Mama huyo alikuwa Bi Mwajuma, mtu wa Kibuta huko Kisarawe. Alimzika mumewe na binti yake katika masika moja, akaacha kusema. Kaka yake aliyeishi Mlandizi ndiye aliyemleta kwetu. Alisuka kimya kwa majuma mengi, na siku mkeka ulipokamilika aliniambia kwa sauti safi, “Ahsante, mwanangu.” Nikaandika: “Mkeka umemponya.” Katika daftari zima, sentensi hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Jumatatu alfajiri niliondoka kwa baiskeli hadi stesheni ya Soga, nikaiacha kwa mtunza stesheni tuliyefahamiana. Treni ilichelewa. Nilipanda behewa lililojaa matenga ya kuku, tukaenda mwendo wa polepole katikati ya vichaka vilivyolowa mvua, hadi Pugu. Kutoka hapo nilipandisha vilima kwa miguu, viatu mkononi kwa ajili ya utelezi.

Saa kumi jioni nilifika Kisarawe. Nilipokewa na Mzee Omari, rafiki wa marehemu baba yangu, aliyekuwa na duka la chumvi na kanga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umefuata nini huku na matope haya?”

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai ya tangawizi, akasema, “Mimi mke wangu anasuka tangu nimuoe, na hasira zake ziko palepale.” Mkewe akacheka kutoka uani, nasi tukacheka. Walinilaza chumba kizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Jumanne asubuhi nilishika njia ya Kibuta, nikipita mashamba ya mihogo na mikorosho. Kila niliyekutana naye alinisalimu na kuniuliza natoka wapi, basi nilichelewa kwa furaha. Jua lilikuwa karibu na utosi nilipopiga hodi kwa Bi Mwajuma. Alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani, akanitazama, akalidondosha.

“Mganga wangu! Karibu, karibu ndani!”

Alikuwa amenenepa, na maneno yalimtoka kama mtama gunia likitoboka. Moyo wangu ulitulia. Kisha nikaangalia chini: nilikuwa nimekalishwa juu ya jamvi la kununua.

“Mikeka yako iko wapi, Bi Mwajuma?”

“Mikeka? Sisuki mwanangu. Tangu nitoke kwenu sijagusa majani ya ukindu.”

Nilihisi daftari langu likiwa zito mkobani. Nilimuuliza, labda kwa ukali kidogo, kama si mkeka uliomponya. Akaketi, akaikunja miguu.

“Nitakwambia kwa kuwa umetembea,” alisema. “Binti yangu alizikwa na mkeka niliousuka mwenyewe. Nilipofika kwenu, siku ya pili tu ukanitia ukindu mkononi. Nikajua mnaniambia nisuke wa kuzikwa nao mimi. Basi nikasuka.”

Sikuweza kumtazama. Kwa majuma yote yale nilikuwa nikipita mlangoni mwa banda, nikimwona ameinama juu ya kazi, na nikiandika: “Ametulia.”

“Nisamehe, mama.”

“Ungejuaje? Hukuniuliza, na mimi nilikuwa sisemi.” Alinigusa goti. “Sikiliza basi. Pembeni yangu alikaa Bi Hadija wa Gwata. Unamkumbuka? Yule aliyeteguka nyonga. Alikuwa anaharibu! Kila mstari anaruka chane moja ya ukindu, ukili unakwenda upande kama mlevi. Nilivumilia, nilivumilia, siku moja nikasema, ‘Umeruka.’ Neno langu la kwanza hilo. Wewe hukuwepo.”

“Akasemaje?”

“Akasema, ‘Basi nionyeshe.’ Kesho yake akaharibu tena. Nikamfundisha majuma mazima, kwa sauti ya chini hata nje hamkusikia. Hata akaniuliza mkeka wangu ni wa nani, nikamwambia ukweli. Akachukua chane zangu zote akazitia kwenye chungu cha rangi nyekundu. ‘Haya,’ akasema, ‘nani atakuzika na kitu hiki?’ Nikacheka, mwanangu. Nikacheka na machozi. Yule mama alikuwa na akili nyingi. Alikosea makusudi ili niseme.”

Tulikula muhogo wa nazi. Nilipoaga nikasema nitapitia Gwata, akanifungia mafurushi mawili ya korosho zilizobanguliwa, langu na la Bi Hadija.

Jumatano nilirudi Soga, nikachukua baiskeli. Sikusimama Mlandizi, nilipitiliza hadi Gwata. Bi Hadija nilimkuta uani akiwa na udongo mpaka viwikoni, vyungu vibichi vimepangwa kivulini. Nilimpa salamu na korosho, nikamsifu kwa hekima yake ya kukosea makusudi.

Alinitazama kwa mshangao. “Makusudi gani, baba? Mimi sijui kusuka. Sijawahi kujua! Sisi kwetu ni wafinyanzi toka bibi na bibi. Wewe ulinipa ukindu siku udongo ulipokwisha, nikaona haya kukataa.” Akafuta mkono, akauliza taratibu, “Anasema sasa?”

“Anasema sana.”

“Na ukali wake?”

“Ungalipo.”

“Alhamdulillahi,” alisema, na macho yake yakalowa.

Siku hiyo hiyo, nikiwa nimeketi kwenye kigoda chake, nilifungua ukurasa wa kwanza nikaikata ile sentensi niliyoipenda. Chini yake niliandika mambo matatu jinsi wale mama wawili walivyonisimulia: mkeka wa maziko, makosa ya mtu asiyejua kusuka, na kosa langu la kutouliza. Kurasa hizo ndizo nilizokwenda nazo chuoni, na miaka yote niliyofundisha na kuchunguza jinsi kazi za mikono na rangi zinavyosaidia wagonjwa, nilianza na hizo. Wanafunzi wangu walizoea kwamba kabla ya kumpa mgonjwa udongo, mkaa au ukindu, ni lazima wamuulize kitu hicho kwao hutumika kwa jambo gani. Na kama hawezi kusema, wakae naye karibu, wafanye kazi ileile, wala wasione haya kuifanya vibaya.